Rangi, Tunu na Vyuma Vidogo: Mwongozo wa Kuipamba Nyumba kwa Kuanzia na Ulivyo Navyo

Watu wengi wanaoamua kuipamba nyumba huanzia dukani. Huchukua kadi za rangi, wakaipenda mojawapo kwa jinsi inavyong'aa pale kaunta, wakaipaka kuta zote, kisha wakashangaa kwamba picha ya harusi ya wazazi, zulia walilolipenda kwa miaka mingi na kiti cha urithi vyote vinaonekana vigeni ndani ya chumba kilekile. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Unaanza na vitu ulivyo navyo tayari, hasa vile usivyoweza kuachana navyo. Rangi ya ukuta inatolewa ndani ya vitu hivyo. Na vyuma vidogo vinavyoshikwa kila siku, yaani vitasa, vishikio, bawaba, komeo, kulabu na fimbo za pazia, vinachaguliwa kabla brashi haijaguswa, ingawa vitafungwa baada ya rangi kukauka. Rangi huchanganywa kwa maelfu ya namna na ukuta hupakwa upya kila baada ya miaka kadhaa, lakini mto uliodariziwa na bibi yako haubadilishiki, kwa hiyo ni haki rangi ndiyo ijipinde.

Hatua ya kwanza: Zitoe tunu mafichoni

Tenga muda wa kutosha utoe kabatini na masandukuni kila kitu chenye maana kwako: picha, vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vyungu, saa ya mezani, ala ya muziki, barua, michoro ya watoto, hata mawe na makombe uliyoyaokota safarini. Vitandaze juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, kwa sababu jeupe halikiongezei kitu rangi ambayo si yake. Usianze kuwaza kila kimoja kitakaa wapi. Kwanza viangalie vyote kwa pamoja.

Baada ya hapo vigawe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la vitu ambavyo moto ukizuka ungevikimbilia. La pili ni la vitu vinavyopendeza macho lakini havina hadithi ndefu. La tatu, ambalo kwa kawaida ndilo kubwa kuliko mengine, ni la vitu unavyovitunza kwa sababu tu fulani alikupa na huenda akaja kukutembelea. Fungu hili la tatu lirudishe sandukuni bila kujilaumu. Heshima kwa aliyetoa zawadi ilikamilika siku ulipoipokea, na ukuta wako haudaiwi chochote.

Katika fungu la kwanza chagua kitu kimoja tu kiwe kiongozi wa chumba. Si lazima kiwe kikubwa wala cha gharama. Kinachotakiwa ni kiwe na rangi tatu au nne zinazoonekana wazi. Ziandike rangi hizo kwa mpangilio wa ukubwa wake: ipi imeenea zaidi, ipi inaifuata, na ipi ni ile inayochomoza kwa kiasi kidogo tu. Kikiwa kitambaa cha zamani, kifunue mahali palipokunjwa au nyuma ya pindo, kwa sababu upande uliokaa juani huwa umeshafifia, na rangi unayoiona usoni si ile aliyoikusudia mfumaji. Hapo utaamua kama unaufuata mfifio wenyewe au rangi ya asili. Mimi huelemea kwenye mfifio, kwa kuwa ndio utakaoonekana kila siku ukutani.

Hatua ya pili: Usome mwanga wa chumba

Rangi haina sura moja, kwa sababu tunachokiona ni mwanga uliodunda ukutani, na mwanga hubadilika. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, chumba chenye madirisha yanayotazama kaskazini hupata jua la moja kwa moja mara chache, na mwanga wake huegemea buluu. Katika nusu ya kusini hali ni kinyume chake, yaani ni vyumba vinavyotazama kusini vinavyopoa. Karibu na ikweta, ambako jua hupita karibu na utosi, tofauti kubwa ni ya mashariki na magharibi: chumba cha mashariki hung'aa asubuhi kisha kikatulia, na cha magharibi huchelewa kuamka lakini alasiri huwaka kwa mwanga wa rangi ya chungwa unaozidisha kila wekundu uliomo. Kaa ndani ya chumba asubuhi, mchana na jioni, ujionee mwenyewe kabla ya kusikiliza ushauri wa mtu yeyote.

Taa nazo ziamuliwe mapema, kwa maana chumba kinachotumika zaidi usiku hupambwa kwa kufuata balbu. Kwenye kasha la balbu huandikwa kipimo cha kelvini: 2700 ni mwanga wa manjano unaotuliza, 4000 ni mweupe wa kawaida, na 6500 ni mweupe unaovuta buluu. Sebule na vyumba vya kulala hufaa kwa kati ya 2700 na 3000. Kuna kipimo kingine kinachopuuzwa na wengi, nacho huandikwa CRI au Ra na kikomo chake ni 100. Hicho hueleza ni kwa uaminifu kiasi gani balbu inaonyesha rangi halisi za vitu. Mahali utakapoweka tunu zako, tafuta balbu yenye 90 au zaidi. Balbu duni huufanya wekundu uonekane kama umepakwa vumbi, na lawama huishia kwa rangi isiyo na kosa.

Hatua ya tatu: Itoe rangi ndani ya kitu kiongozi

Rudi kwenye orodha ya rangi ulizoziandika. Wapambaji wengi hutumia mgao wa 60, 30 na 10: takriban asilimia 60 ya chumba, ambayo ni kuta, hubeba rangi kuu, asilimia 30, yaani pazia, zulia na viti vikubwa, hubeba ya pili, na asilimia 10, ambayo ni mito, taa na vitu vidogo, hubeba ile kali. Usiutumie mgao huu kama sheria ya hesabu. Manufaa yake ni kukukumbusha kwamba rangi tatu zikigawana chumba sawa kwa sawa hushindana, na jicho halijui litulie wapi.

Jambo ninalolisisitiza ni kwamba ukuta uchukue rangi tulivu ya kitu kiongozi na kuiacha ile kali. Tuseme kiongozi ni kitambaa chenye nili iliyokolea, wekundu wa udongo uliochomwa na weupe wa pamba isiyopaushwa. Kishawishi ni kuipaka nili kuta zote, kwa kuwa ndiyo inayopendeza zaidi. Ukifanya hivyo, kitambaa chenyewe kitazama, kwa sababu kile kilichokuwa cha pekee ndani yake sasa kimetapakaa chumba kizima. Ukuta ukichukua weupe ule wa pamba, zulia likachukua wekundu wa udongo, na nili ikabaki kwenye kitambaa na kwenye kitu kingine kimoja au viwili vidogo, kitambaa kitatawala bila kupiga kelele.

Jambo hili lina maelezo ya kisayansi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya kutia rangi nyuzi katika karakana ya mazulia ya kutundikwa ukutani ya Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo hazina weusi wa kutosha. Alipochunguza aligundua kwamba tatizo halikuwa rangi yenyewe bali rangi zilizofumwa kando yake, na mwaka 1839 akachapisha kanuni inayoeleza jinsi rangi mbili zilizo jirani zinavyobadilishana sura machoni. Kijivu kilekile huonekana kikivuta kijani kikiwa karibu na wekundu, na kikivuta wekundu kikiwa karibu na kijani. Kwa hiyo rangi ya ukuta hubadilisha sura ya kila utakachokitundika mbele yake, na huwezi kuichagua peke yake ukiwa umesimama mbele ya kadi dukani.

Nyeupe inastahili tahadhari yake, kwa kuwa watu huichagua wakidhani wamekwepa uamuzi. Karibu kila nyeupe ya dukani ina rangi nyingine iliyojificha ndani yake, iwe ya manjano, waridi, kijani au kijivu. Iweke kadi yake juu ya karatasi safi ya kuandikia na siri itafichuka mara moja. Nyeupe inayovuta buluu katika chumba kisichopata jua hugeuka ya hospitali, na nyeupe inayovuta manjano chini ya balbu za kelvini 2700 hugeuka ya siagi.

Nyuma ya kadi nyingi za rangi kuna nambari kati ya 0 na 100 inayoonyesha kiasi cha mwanga kinachorudishwa na rangi hiyo, ambapo 0 ni weusi kamili na 100 ni weupe kamili. Rangi yenye nambari ya chini ya 30 hula mwanga mwingi na itakudai taa zaidi. Hata hivyo siungi mkono imani kwamba chumba kidogo ni lazima kiwe cheupe. Chumba kidogo kisicho na dirisha kubwa hakitageuka ukumbi kwa kupakwa nyeupe. Kitakuwa tu chumba kidogo cheupe chenye vivuli vya kijivu pembeni. Ujia, maktaba ndogo au chumba cha kulala hupendeza sana kwa rangi nzito, hasa dari likipakwa rangi hiyohiyo ili jicho lisione mahali ukuta unapoishia. Ukuta mmoja wenye rangi kali kando ya kuta tatu nyeupe, kwa upande wangu, ninaukubali tu pale unapobeba kazi, kwa mfano kuwa mandhari ya rafu ya tunu.

Mwisho wa hatua hii, simama katika kila mlango uangalie vyumba vinavyoonekana kwa pamoja. Si lazima vifanane, lakini rangi moja, hata kwa kiasi cha mto au fremu, ipite katika vyote.

Hatua ya nne: Ijaribu rangi kabla ya kuinunua yote

Nunua kopo dogo la jaribio na ubao mwepesi au kadibodi ngumu yenye ukubwa wa takriban sentimita 50 kwa 70. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, ukiacha ukingo mweupe wa sentimita 5 kuzunguka, ili rangi ya sasa ya ukuta isiudanganye uso mpya. Kuupaka ukuta wenyewe vipande vya rangi nne vilivyoshikana, kama wengi wafanyavyo, ni njia dhaifu: kila kipande huibadilisha sura ya mwenzake, na vyote viko mahali pamoja penye mwanga wa aina moja.

Uhamishe ubao. Uweke kando ya dirisha, kisha kwenye kona yenye giza, kisha nyuma ya kiti, asubuhi na usiku taa zikiwa zimewashwa. Kiegemeze kitu kiongozi mbele yake na ushikilie karibu nacho kishikio kimoja cha chuma unachofikiria kukitumia. Kumbuka kwamba kuta nne hurushiana rangi zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo rangi ikishaenea itaonekana imekolea kuliko ilivyokuwa kwenye ubao. Ukisitasita kati ya mbili zinazokaribiana, chukua isiyokolea sana.

Kuhusu mng'ao, kanuni ni fupi. Rangi isiyong'aa huficha mabonde ya ukuta lakini haivumilii kusuguliwa. Yenye mng'ao wa kati hufaa jikoni, ujiani na vyumba vya watoto. Inayong'aa sana huachiwa milango, fremu za madirisha na mbao za chini ya ukuta, na hudai uso ulionyooka kwa sababu huanika kila mkwaruzo.

Hatua ya tano: Chagua vyuma vidogo kabla ya kupaka

Hapa ndipo nyumba nyingi nzuri huharibika au kukamilika. Kishikio cha droo huguswa kila siku na watu wote wa nyumba, wakati mchoro wa ukutani hautaguswa kamwe. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, aliposhughulikia ujenzi wa nyumba ya dada yake mjini Vienna kati ya 1926 na 1928, alibuni mwenyewe vitasa vya milango na komeo za madirisha, na vitasa hivyo bado huzungumzwa na wasanifu majengo. Huhitaji kufika umbali huo, lakini daftari na futi ya mkanda ni lazima.

Zunguka nyumba uhesabu kila kishikio, kitasa, bawaba inayoonekana, kulabu na komeo. Kwa vishikio vyenye skrubu mbili, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la pili, wala usipime urefu wa kishikio chenyewe. Vipimo vinavyopatikana sana ni milimita 96, 128 na 160, ambavyo vyote ni mafungu ya 32; samani za Amerika Kaskazini mara nyingi hufuata inchi, kwa mfano inchi 3, ambayo ni takriban milimita 76. Vishikio vipya visipolingana na matundu ya zamani, una njia tatu: kuyaziba matundu na kuupaka mlango upya, kutafuta kishikio chenye bamba la nyuma linaloyafunika, au kuacha tamaa na kutafuta kishikio kingine. Ndiyo maana uamuzi huu hutangulia rangi. Pima pia unene wa mbao, kwa sababu skrubu zinazokuja na vishikio hukatwa kwa unene wa kawaida, na za uso mnene wa droo hununuliwa peke yake.

Kwa ukubwa, kishikio chenye urefu wa karibu theluthi moja ya upana wa droo hupendeza macho, na droo iliyozidi sentimita 75 huvutwa vizuri zaidi kwa vishikio viwili. Lakini macho peke yake hayatoshi. Kishike kishikio dukani kwa mkono mzima, ukijifanya unavuta droo iliyojaa. Vidole vinne vipite nyuma yake bila kukwama, na kingo zisikate. Kwenye milango, kitasa cha mkono hufunguka hata kwa kiwiko, kwa hiyo huwafaa wazee, watoto na yeyote mwenye maumivu ya vifundo vya vidole kuliko kile cha mviringo ambacho ni lazima kikamatwe na kuzungushwa.

Kisha chunguza chuma chenyewe. Shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, haivutwi na sumaku. Ukijaribu sumaku ikanasa, unachokiona ni chuma kilichopakwa utando wa rangi ya shaba. Sumaku isiponasa bado upime uzito mkononi, kwa maana vingine huundwa kwa zinki nyepesi na kufunikwa juu. Shaba isiyopakwa vanishi hubadilika rangi kwa kuguswa: sehemu za vidole hung'aa na pembeni hukolea kahawia, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine huliona uchafu. Amua mapema wewe ni wa upande gani. Karibu na bahari, ambako hewa ina chumvi, chuma cha kawaida kilichopakwa utando huanza kutoa madoa ya kutu mapema. Tafuta shaba halisi au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kilichoundwa kustahimili chumvi.

Je, inafaa kuchanganya rangi za vyuma? Inafaa, ilimradi ziwe mbili tu ndani ya chumba, mojawapo itawale, na ile ya pili ionekane mahali pawili au zaidi ili isidhaniwe kuwa imesahaulika. Bawaba zinazoonekana zifuate rangi ya kitasa cha mlango huohuo. Bawaba ya fedha kando ya kitasa cheusi ni kosa dogo ambalo jicho halitaacha kulirudia kila mlango unapofunguliwa.

Na usikimbilie vipya. Vishikio vya zamani vilivyofunikwa na matabaka ya rangi mara nyingi ni vya chuma kizuri kuliko vinavyouzwa sasa. Viloweke kwa saa kadhaa katika maji ya moto yenye sabuni, ndani ya chombo kisichotumika tena kwa chakula, kisha uvisugue kwa brashi ya nailoni. Komeo la mlango wa nyumba ya utotoni, likifungwa kwenye kabati la leo, ni chuma na ni tunu kwa wakati mmoja.

Fimbo za pazia ziingie katika orodha hiihii. Fimbo ikifungwa sentimita 10 hadi 15 juu ya dirisha na kupita sentimita 15 hadi 20 kila upande, dirisha huonekana kubwa na pazia likifunguliwa halizibi mwanga. Upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya urefu wa fimbo, la sivyo pazia litaning'inia kama shuka lililoanikwa.

Hatua ya sita: Paka

Fungua vyuma vyote vya zamani kabla ya kupaka. Kuzungushia kitasa tepu ya karatasi ni kujidanganya, kwani alama ya mstari huonekana milele. Kila kifaa na skrubu zake uvitie katika mfuko wake ulioandikwa mahali kilipotoka. Osha kuta, ziba nyufa na matundu, piga msasa, futa vumbi. Plasta mpya ya saruji iachwe takriban wiki 4 ikauke kabla ya rangi yoyote. Nyumba ikiwa ya zamani sana, tahadhari na madini ya risasi yaliyochanganywa katika rangi za wakati ule. Marekani, kwa mfano, iliyapiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na kwingineko tarehe hutofautiana. Rangi ya namna hiyo isipigwe msasa mkavu hata kidogo, kwa sababu vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ipimwe na mtaalamu kwanza.

Kiasi cha rangi hukadiriwa hivi: lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina mzingo wa mita 14, ambao ukizidishwa kwa kimo hutoa karibu mita za mraba 38. Ukitoa mlango na dirisha hubaki karibu 35, na kwa mikono miwili ni 70, yaani lita 7. Anza na rangi ya kutangulizia kwenye sehemu mpya au zilizozibwa, paka kona na kingo kwa brashi, kisha ufuate kwa rola kabla kingo hazijakauka. Tepu ya kukinga ukingo ibanduliwe rangi ingali mbichi kidogo.

Hatua ya saba: Funga vyuma

Tengeneza kigezo cha kadibodi chenye matundu mahali hasa skrubu zitakapopita, ukilinganishe na kona ileile ya kila droo, na uweke alama kwa penseli. Kwa skrubu za kawaida za milimita 4, toboa kwa keekee ya milimita 5, huku kipande cha mbao kimekandamizwa upande wa pili ili uso usipasuke keekee inapotokea. Mzunguko wa mwisho ufanyike kwa bisibisi ya mkono. Skrubu za shaba ni laini na vichwa vyake huvunjika upesi. Ingiza kwanza skrubu ya chuma yenye ukubwa uleule ili ifungue njia, itoe, kisha uingize ya shaba ikiwa imepakwa nta kidogo.

Unapobadilisha mabamba ya swichi, zima umeme kwenye swichi kuu, wala usitegemee swichi ya chumba. Anayeishi katika nyumba ya kupanga afunge vyuma vyake lakini avihifadhi vya awali pamoja na skrubu zake, ili siku ya kuhama avirudishe na kuondoka na vyake.

Hatua ya nane: Zipe tunu mahali pake

Picha nyingi hutundikwa juu mno. Katikati ya picha, na si ukingo wake wa juu, ikae kati ya sentimita 145 na 152 kutoka sakafuni, ambapo ndipo macho ya mtu mzima aliyesimama hufika kwa wastani. Katika chumba cha kukalia unaweza kuishusha zaidi. Juu ya kochi au meza, acha nafasi ya sentimita 15 hadi 25, na kundi zima la picha liwe na upana wa karibu theluthi mbili za samani iliyo chini yake. Kati ya fremu na fremu sentimita 5 hadi 8 zinatosha. Kata karatasi zenye ukubwa wa kila fremu, zibandike ukutani kwa tepu nyepesi, uzihamishe mpaka mpangilio ukuridhishe, ndipo utoboe.

Usitoboe moja kwa moja juu, chini wala kando ya swichi na soketi, kwa sababu nyaya hupitia huko. Kwenye ukuta wa matofali tumia skrubu pamoja na kishikizo chake cha plastiki, na fremu kubwa uitundike kwenye kulabu mbili zilizosawazishwa kwa pimamaji. Mbali na kugawana uzito, huizuia fremu isipinde kila mlango unapofungwa kwa nguvu. Kulabu za gundi zisibandikwe kwenye rangi mpya mpaka wiki 3 au 4 zipite, la sivyo zitaondoka na rangi. Kulabu za makoti ziwe sentimita 150 hadi 170 kwa watu wazima, na safu ya pili chini, karibu sentimita 100, kwa watoto, ambao hawatundiki chochote wasichokifikia.

Picha za zamani na vitambaa viepushwe na jua la moja kwa moja, kwa kuwa mwanga hufifisha rangi na mfifio huo haurudi nyuma. Picha iliyo moja tu duniani ichapishiwe nakala. Nakala ikae ukutani na ya asili ihifadhiwe gizani, mahali pakavu. Ndani ya fremu, karatasi nene iitenge picha na kioo, kwani unyevu ukiingia huigandisha kwenye kioo.

Kwenye rafu, panga vitu kwa kimo kinachotofautiana na uache nafasi tupu. Shubaka moja lenye vitu vitatu huheshimika kuliko lenye kumi na viwili. Vilivyobaki vya fungu la kwanza vikae sandukuni kwa zamu, na ubadilishe kila baada ya miezi kadhaa. Chumba hupata sura mpya bila kununua chochote, na kitu kilichopumzika huonekana upya.

Utunzaji na kumbukumbu

Vyuma vilivyopakwa vanishi vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, kwa sababu dawa ya kung'arishia shaba huila vanishi na kuacha mabaka. Kaza skrubu za vishikio mara mbili kwa mwaka, kwani kishikio kinachocheza hupanua tundu lake taratibu. Andika nambari ya kila rangi, mng'ao wake na tarehe ya kupaka kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati, pamoja na vipimo vya vishikio, na uhifadhi glasi moja ya rangi iliyobaki katika chupa iliyojaa hadi juu ili isikauke. Ongeza kishikio kimoja au viwili vya akiba vya aina ileile, kwa maana miundo hubadilishwa madukani bila taarifa, na kabati lenye vishikio kumi na moja vinavyofanana na kimoja cha kigeni litakulazimisha kuvinunua vyote upya.